Ukurasa wa Nne

Ripoti ya mtaalamu wa miandiko ilifika saa nane mchana, na katika chumba kile haikumfurahisha mtu isipokuwa yule aliyepaswa kuiogopa.

"Soma kwa sauti, Inspekta," alisema mchapishaji. "Usiimeze peke yako."

Sindano aliisoma kimya, mara mbili. Jina hilo alipewa na wenzake wa kitengo cha nyaraka za kughushi, kwa kuwa alikuwa mwanamke mwembamba, hasemi sana, na ukimkalia vibaya unaruka.

"Saini ndogo za pembeni ni za mlalamikaji," alisema mwishowe. "Kurasa zote sita. Na wa nne ukiwemo."

"Ukiwemo!" Mchapishaji alilidaka neno hilo kama mtu aliyerushiwa zawadi. Alikuwa na kifua kipana na tai iliyokazwa mpaka shingo ikavimba, na alizoea kuongea na watu waliosimama huku yeye ameketi. "Siku tatu, Wakili! Siku tatu huyu mama ameng'ang'ania ofisini kwangu kama ruba, ananikagulia droo, ananinywea chai."

"Chai yako sijaigusa. Ningeigusa, leo ungesema umenihonga."

Wakili, aliyeketi pembeni ya bosi wake, alitabasamu kwa meno tu. "Tunaomba mkataba wetu, Inspekta. Saa kumi mteja wangu ana wageni."

Wageni hao ndio waliokuwa wakimkosesha Sindano usingizi. Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Mtunga programu mmoja alikuwa ametengeneza programu ya kuwafundisha watoto viziwi kusoma. Mtoto anagusa neno kwenye simu, na mikono ya mwanamke inatokea ikilisema neno hilo kwa lugha ya alama. Mikono ilikuwa ya dada yake, kiziwi tangu kuzaliwa, na maneno yalikuwa elfu tatu, waliyoyarekodi moja moja kwa miaka minne. Kampuni hii ya vitabu vya shule ikataka kuisambaza, wakaandikiana mkataba. Kijana aliapa kwamba alitoa ruhusa ya miaka mitano tu. Mkataba uliokuwa mezani, kwenye kifungu cha tisa, ukurasa wa nne, ulisema amekabidhi haki zote milele. Na wageni wa saa kumi walikuwa wanunuzi wenye programu yao inayoshindana na hii. Hawakuficha kwamba wakishaipata wataizima.

Bila ushahidi, Sindano hakuwa na mamlaka ya kuwazuia wasikae mezani.

"Dakika moja," alisema, akawasha taa ya meza.

Alikuwa amebakiza hoja moja. Mtu akichomoa ukurasa na kupachika mwingine, lazima ang'oe pini ya stepla na kupiga mpya. Kurasa za zamani zinakuwa na matundu manne, ule uliopachikwa unakuwa na mawili. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Akainua karatasi moja moja kwenye mwanga. Ya kwanza, manne. Ya pili, manne. Ya tatu, manne. Ya nne nayo, manne. Akahesabu tena, akapata yaleyale.

"Tuliifungua kutoa fotokopi," alisema wakili kabla hajaulizwa. "Au siku hizi fotokopi ni kosa la jinai?"

"Sijakuuliza."

"Nakusaidia tu. Naona umekwama."

Mchapishaji akacheka mpaka kiti kikalia. Sindano alizitia karatasi sita kwenye bahasha ya ushahidi, akaibana kwapani na kutoka. Mlango aliufunga polepole, kwa sababu alitamani sana kuubamiza.

Mtunga programu alikuwa kwenye benchi la korido, mkoba wa kompyuta mapajani, miguu haitulii. Alisimama.

"Umenidanganya," alisema Sindano.

"Mimi?"

"Uliniapia hujawahi kuuona ukurasa ule. Saini ni yako."

"Haiwezekani!"

"Mtaalamu hana sababu ya kukuonea. Nisikilize vizuri, kaka. Nimebakiwa na saa moja na nusu, na subira ya dakika tano. Kabla ya siku ya kusaini, uliwahi kuweka saini kwenye karatasi yoyote ya watu hawa?"

Kijana alifungua mdomo kubisha, kisha akaufunga. Uso wake ulisawijika. "Rasimu ya kwanza," alisema.

"Endelea."

"Wakili aliileta tulipoanza mazungumzo. Kifungu cha tisa kilisema haki zote, milele. Nilikikataa palepale. Tulivutana wiki tatu mpaka wakakibadilisha, ikawa ruhusa ya miaka mitano."

"Na saini?"

"Nilitia kila ukurasa. Kuonyesha kwamba nimesoma."

"Kuonyesha nini?"

"Kwenye kazi yetu ndivyo ilivyo. Mwenzako akikupa kazi yake uikague, ukimaliza unaweka alama yako. Maana yake nimepitia, siyo nimekubali. Makosa unayaandika kwingine."

Sindano alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Yaani ulisaini karatasi inayokunyang'anya mali yako, ili watu wajue kwamba unajua kusoma."

"Wewe uko upande wangu au wao?"

"Niko upande wa karatasi, na wewe umeniharibia. Nakala yako ya mkataba wa mwisho iko wapi?"

"Tulisaini mbili. Wakazichukua zote kwenda kupiga mhuri. Kila nikiuliza, njoo kesho. Hiyo kesho sasa ina miezi mitatu."

"Na kwenye barua pepe?"

"Wakili alikataa. Alisema mkataba ni karatasi, mambo ya mtandaoni yanavuja."

"Mtu wa kompyuta! Hata picha ya simu hukupiga." Sindano akajuta kidogo, lakini kidogo tu.

"Dada ameniandikia," alisema kijana, akigeuza simu ili aone. "Anauliza, ikifika saa kumi, mikono yake itakuwa ya nani."

Sindano alisoma ujumbe ule. Alikuwa na hasira, na sasa hasira yenyewe imepata pa kwenda. Siku tatu alikuwa akitafuta uongo kwenye karatasi ya kweli. Ukurasa wa nne haukughushiwa. Ulitoka kwenye rasimu ya kwanza ukahamishiwa kwenye mkataba wa mwisho, na saini yake halali, na matundu yake mawili ya zamani, na mawili mapya waliyoyatoboa walipozibana karatasi upya. Karatasi zilikuwa za aina moja, mashine moja, kalamu za mezani zilezile. Lakini kujua si kuthibitisha.

Alirudi ndani.

"Rasimu ya kwanza iko wapi?" aliuliza akiwa bado mlangoni.

Tabasamu la wakili lilichelewa kidogo kufika. "Rasimu tunazichana."

"Zote?"

"Zote."

"Na nakala ya mlalamikaji?"

"Alipewa mkononi."

"Alisaini kuipokea?"

"Tuliaminiana," alisema mchapishaji.

"Mliaminiana. Ngoja niliandike hilo."

Alikaa, akazitoa tena zile karatasi, safari hii bila kuziinua. Aliilaza taa ya meza mpaka mwanga ukapita juu ya karatasi kwa ubavu, namna mtu anavyotafuta mkwaruzo kwenye meza iliyopigwa vanishi. Chini kabisa ya ukurasa wa kwanza, pembeni ya namba, palikuwa na maandishi ya penseli, madogo na hafifu. *Atawajibika.* Kwa siku tatu alikuwa ameyaona na kuyapita kama uchafu. Akafunua. Ukurasa wa pili ulianza kwa neno *atawajibika*.

Chini ya wa pili paliandikwa *Muda*. Wa tatu ulianza kwa *Muda*.

Chini ya wa tatu paliandikwa *Haki*. Wa nne ulianza kwa *Mtunzi*.

Sindano hakuinua uso. Aliangalia chini ya ukurasa wa nne. Palikuwa peupe.

"Nani katika kampuni hii anatumia penseli?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza choo kiko wapi.

Mchapishaji alinyoosha shingo aone. "Makorokoro hayo? Ya shemeji yangu, mjane wa kaka. Yuko ghorofa ya chini, anasoma prufu, anasaka makosa kabla kitu hakijachapwa. Wafanyakazi wanamwita Mama Penseli. Ukimpa kadi ya mwaliko, ataiwekea penseli."

"Na mkataba?"

"Kila kitu. Ni sheria ya marehemu kaka, hakitoki kitu bila kupita kwa shemeji. Katibu anampelekea, yeye anarudisha."

"Maana ya hivi vialama hujawahi kumuuliza?"

"Mimi ni mkurugenzi, mama. Siulizi habari za penseli."

"Mwite."

"Sioni haja ya kumsumbua mama wa watu," alidakia wakili, haraka mno. "Ana umri, na macho yake..."

"Mwache aje," alisema mchapishaji, akiinua simu ya mezani. "Anakula kwangu, analala kwangu. Atasema nini?"

Mwanamke aliyeingia alikuwa mfupi, miwani moja usoni na nyingine kichwani, penseli imechomekwa kwenye kilemba. Alionekana kukasirika kwa kukatizwa kazi.

"Shikamoo, mama," alisema Sindano, akimpisha kiti.

"Marahaba. Nimeacha sura katikati, kwa hiyo kama ni maneno yawe mafupi."

"Mafupi. Sikuulizi karatasi hizi zinasema nini. Fanya kama ziko mezani kwako. Ziko tayari kwenda kwa mpiga chapa?"

Mama Penseli alizichukua. Hakusoma mistari kabisa. Aliangalia chini, akafunua, akaangalia juu. Chini, akafunua, juu. Kwenye ukurasa wa tatu mkono ulisimama. Akarudi nyuma, akafunua tena.

"Nani amezichanganya?"

"Hazijachanganywa, shemeji," alisema mchapishaji. "Ni mkataba wa yule kijana wa kompyuta. Mwambie Inspekta hayo maandishi ni mazoea yako tu, urudi kazini."

"Ni mazoea, ndiyo." Alimgeukia Sindano. "Naandika chini ya kila ukurasa neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Hata upepo ukizitawanya, nazikusanya. Zamani tulitoa kitabu cha hesabu kurasa zimekwenda kombo, watoto wakafundishwa kugawanya kabla hawajajua kujumlisha. Mume wangu hakula siku mbili. Toka hapo ndiyo ikawa sheria."

"Na hapa?"

Mama Penseli aliishusha karatasi. Macho yake yalikwenda kwa shemeji yake, na Sindano aliona jambo alilolijua vizuri: mtu anapima mkate wake. Alikuwa tayari kumeza maneno. Chumba kizima kilisubiri, na saa ya ukutani ikaonyesha saa tisa na dakika ishirini.

Kama mchapishaji angenyamaza, huenda angepona.

"Hapo amekosea," alisema, akipunga mkono. "Ameshazeeka, Inspekta. Anaandika neno lisilo lake. Siku hizi anakosea sana, tunamvumilia tu kwa heshima ya marehemu."

Mama Penseli alivua miwani ya usoni, akavaa ya kichwani.

"Nimekosea?"

"Si vibaya, shemeji. Umri."

"Miaka thelathini na moja nazisoma kurasa za kampuni hii. Nitajie ukurasa mmoja uliotoka kombo mikononi mwangu. Mmoja tu."

"Shemeji, kumbuka uko kwenye kampuni ya nani."

"Nakumbuka. Ilikuwa ya mume wangu wakati wewe hujui hata mlango wake unafungukia wapi." Aliupiga ukurasa wa nne kwa ncha ya penseli. "Huu sijawahi kuusoma. Ningeusoma, ungekuwa na neno langu chini. Wa tano unalo, wa nne haunalo. Na hapa kwenye wa tatu nimeandika *Haki*, kwa sababu ukurasa nilioletewa ulianza kwa *Haki*. Mnasema nimekosea? Twendeni chini. Nakala ya kusomea ninayo."

Wakili alisimama. "Nakala gani?"

"Jamani! Mtu anasoma prufu bila kitu cha kulinganishia? Mwenzangu anasoma nakala ya masahihisho kwa sauti, mimi nafuata kwenye ile safi. Tukimaliza, nakala inakaa kwenye boksi mwaka mzima. Hujui, kwa sababu hujawahi kuteremka ngazi zile."

"Hakuna anayetangulia," alisema Sindano, akiwa tayari mlangoni. "Mama, wewe mbele. Wakili, wewe nyuma yangu, ili baadaye usiseme nimeiweka mwenyewe. Mkurugenzi, simu iache mezani."

Chumba cha prufu kilikuwa nyuma ya ghala la vitabu, chenye dirisha moja na meza mbili zilizotazamana na kugusana, watu wasomeane bila kupaza sauti. Maboksi yalipangwa rafuni kwa kufuata miezi. Mama Penseli hakupapasa hata mara moja. Alivuta boksi la tatu kutoka kushoto, akatoa jalada, akalifungua.

Ilikuwa fotokopi ya rasimu ya kwanza, na saini ndogo za kijana zikiwa palepale pembeni. Lakini kwenye ukurasa wa nne, kifungu cha tisa kilikuwa kimekatwa mstari mwekundu mwanzo mpaka mwisho, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa mkono, kwa wino huohuo mwekundu: *Haki zote zinabaki kwa Mtunzi. Mchapishaji anapewa ruhusa ya kusambaza kwa miaka mitano.* Juu ya karatasi palikuwa na mhuri wa chumba kile, IMESOMWA, na tarehe. Ilikuwa siku moja kabla ya kusaini.

Sindano aliilaza kando ya ukurasa wa nne aliokuja nao kutoka juu. Saini ilikuwa ileile, na mkia wake ulikuwa umepinda kwa namna ileile. Ilikuwa karatasi moja, mara moja ikiwa mwili na mara moja kivuli.

"Mwandiko mwekundu wa nani?" aliuliza.

Wakili alikuwa ameutambua kabla hajaulizwa, na jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo.

"Nieleweke," alisema. "Mimi niliandaa mkataba kihalali, na masahihisho nikaandika kwa mkono wangu kama inavyotakiwa. Kilichotokea kabatini baada ya kusaini, mimi sikijui."

"Hukijui?" Mchapishaji aligeuka kwa kishindo mpaka boksi likaanguka. "Wewe! Si wewe uliyeniambia saini yake iko kwenye rasimu, tubadilishe ukurasa mmoja tu, hakuna atakayejua?"

Sindano alitoa daftari, akaiandika sentensi ile neno kwa neno, akatazama saa, akaandika na dakika.

"Umeropoka mwenyewe," wakili alimwambia bosi wake kwa sauti ya chini. "Mjinga wewe."

"Mjinga ni mimi niliyekuajiri."

"Mtagombana kituoni, kuna nafasi," alisema Sindano.

Katibu alichungulia mlangoni. Wageni wa saa kumi wamefika, wako mapokezi, wanauliza waingie chumba gani.

"Waambie hakuna kinachouzwa leo," alisema Sindano. "Na wewe, mama, nisainie hapa kwamba boksi umelifungua mwenyewe."

Mama Penseli alisaini. Kisha akaketi kwenye kiti chake, ghafla. "Kesho sina kazi," alisema.

"Huenda," alisema Sindano. Hakutaka kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Lakini hakuna tena atakayesema umekosea."

Mama Penseli alifikiri. "Ni kweli," alisema, akaivuta ile sura aliyoiacha katikati.

Kwenye korido ya juu, mtunga programu aliambiwa kwa maneno kumi. Hakuruka wala hakushukuru. Aliisimamisha simu kwenye kingo ya dirisha, dada yake akatokea kwenye kioo, na kijana akaanza kusema naye kwa mikono, haraka, akikosea na kurudia. Upande wa pili mikono miwili ilijibu neno moja, ikitua kifuani. Sindano hakujua lugha ile, lakini alielewa. Akapita.

Maelezo ya mchapishaji aliyachukua ofisini kwake, mezani kwake, safari hii yeye Sindano ameketi na mwenye meza amesimama mpaka alipoambiwa akae. Yalikuwa kurasa mbili. Aliyaandika kwa mkono wake, polepole, akimsomea kila sentensi na kumwuliza kama ndivyo alivyosema. Alipomaliza alimsogezea.

"Soma yote. Saini pembeni ya kila ukurasa."

"Nitajuaje kwamba hamtabadilisha karatasi baadaye?" Mchapishaji alikuwa bado na ukali wake, ila umebaki kwenye sauti tu. "Nyie watu nawajua."

Ni swali zuri, aliwaza Sindano, na lilimfurahisha kuliko jambo lolote siku ile. Alitoa mfukoni kipande cha penseli alichoazima chini, akakiweka juu ya karatasi.

"Kuna njia. Chini ya ukurasa wa kwanza, andika neno la kwanza la ukurasa wa pili. Hata upepo ukizitawanya, tutazikusanya."

Mchapishaji alifunua ukurasa wa pili atazame unaanza kwa neno gani. Alilitazama muda mrefu. Kisha akarudi kwenye wa kwanza, akaishika penseli vibaya, kama mtu ambaye hajaishika tangu shule, na pembeni ya namba akaandika kwa mkono wake mwenyewe: *Nilibadilisha*.